Mungu wa Pointi 66

Wasee, kuna swali moja ambalo ukilirusha katikati ya watu wanaocheza gemu za mezani za kuigiza, jioni yote inaishia hapo. Swali lenyewe: mungu mwovu anafaa kuwa adui ambaye wachezaji wanaweza kupigana naye? Simaanishi kuhani wake wala jeshi lake. Namaanisha yeye mwenyewe, amesimama mbele yenu, na ni zamu yako kutupa dadu.

Kwa yule anayeijua Dungeons & Dragons kupitia Stranger Things pekee, iko hivi. Mnakaa mezani. Mmoja wenu ni Dungeon Master, au DM kwa kifupi: yeye ndiye anasimulia ulimwengu wa stori na kuwaigiza maadui wote. Nyinyi wengine kila mmoja ana mhusika wake. Ukitaka kufanya jambo gumu unatupa dadu ya pande 20 na matokeo yanasema kama umefaulu. Kila kiumbe kina pointi za uhai, zikifika sifuri ameanguka. Kwa hivyo swali la mungu linageuka kuwa swali la hesabu: anaandikiwa pointi ngapi? Ama haandikiwi kabisa?

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili usije ukautafuta: aandikiwe. Mungu mwovu asiyeguswa anaharibu mchezo kuliko hata yule anayekufa kirahisi. Lakini namba peke yake haitoshi, na gemu hii imechukua karibu miaka 40 kujifunza hivyo.

D&D ilitoka Marekani mwaka wa 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ikichapishwa na kampuni ndogo iliyoitwa TSR. Miaka miwili baadaye, 1976, kikatoka kitabu cha nyongeza kuhusu miungu, Gods, Demi-Gods & Heroes, kilichoandikwa na Robert Kuntz na James Ward. Sasa skiza kichekesho. Mhariri wake, Tim Kask, alieleza kwenye utangulizi kwamba kitabu kiliwalenga wale DM waliokuwa wakigawa zawadi kama pipi mpaka wachezaji wao wanafika leveli ya 40 na kitu. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama Odin mwenyewe, baba wa miungu ya Wanorse, ana pointi 300, mhusika wako wa leveli ya 44 ni mzaha. Yaani namba za miungu ziliwekwa ziwe dari. Ukizitazama, unajua mahali unapofaa kukoma.

Wachezaji walizitazama na wakaona menyu.

Na mimi siwalaumu. Ukimwandikia kijana kwamba kitu kina pointi 300, umemwambia pia kwamba kikipigwa mara za kutosha kinaanguka. Hakuna namba isiyo mwaliko. Kask alitaka kuwaaibisha, wao wakachukua kalamu na kuanza kupiga hesabu ya Odin atahitaji mapanga mangapi.

Halafu mwaka wa 1980 ukaja mtihani wenyewe. TSR ilikuwa imeanza kutoa mfululizo wa moduli mwaka wa 1978, yaani matukio yaliyoandikwa tayari ya kuchezwa. Majitu yanashambulia vijiji, unayafuata, unagundua kuna mtu nyuma yao. Unashuka chini ya ardhi, unawakuta drow, watu wa gizani wanaoabudu buibui. Unazidi kushuka. Moduli ya saba, Queen of the Demonweb Pits, iliyoandikwa na David Sutherland pamoja na Gygax, inakupeleka mpaka nyumbani kwa anayeabudiwa: Lolth, malkia wa buibui, kwenye tabaka la 66 la kuzimu. (Nyumba yake ni mtambo mkubwa wa chuma wenye umbo la buibui. Watu wamebishana kuhusu hiyo nyumba kwa miongo minne, na mimi niko upande wa wanaoipenda.)

Lolth alikuwa na pointi 66.

Ili uelewe uzito wa hiyo namba: joka jekundu la ukubwa wa mwisho kwenye kanuni za wakati huo liliweza kufika pointi 88. Mungu anayeabudiwa na mji mzima, ambaye umemfuata moduli saba, alikuwa na uhai mdogo kuliko joka. Ni kweli alikuwa mgumu kupigwa, na alikuwa na uchawi wa kutosha kukufanya ujute. Lakini kundi lililobahatika na dadu lingeweza kummaliza kwa raundi chache, halafu watu waende kulala. Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya kufeli. Mungu akiwa ni namba tu, anakuwa mnyama mkubwa mwenye jina refu. Umempiga, sawa, lakini nini kimebadilika? Kesho yake waliokuwa wakimwomba wanaamka wakifanya nini? Hapo ndipo palikuwa na stori, na hapo ndipo moduli inaishiwa na maneno.

Miaka hiyo hiyo, huko nje ya meza, moto ulikuwa umewaka. Marekani iliingia kwenye hofu kwamba gemu hii inawafundisha watoto kuabudu shetani. Mwaka wa 1983 Patricia Pulling, mama wa Virginia aliyempoteza mwanawe mwaka mmoja kabla, alianzisha kikundi cha kuipinga kilichoitwa BADD. Uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa, na sitaucheka. Lakini lawama iliangukia kitu ambacho hakikuwa na hatia. TSR ikaanza kurudi nyuma. Kitabu cha miungu kilichoitwa Deities & Demigods kikabadilishwa jina mwaka wa 1985 kuwa Legends & Lore, jina ambalo halina mungu ndani yake. Toleo la pili la gemu lilipotoka 1989, mapepo na mashetani hawakuwemo. Walirudi 1991 kama wezi waliobadilisha laini ya simu: mapepo sasa ni tanar'ri, mashetani ni baatezu. Watu wale wale.

Na usidhani huo ulikuwa wazimu wa Wamarekani pekee. Sisi hapa, mwaka wa 1994, Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Waliokuwa shuleni miaka hiyo, yaani wazazi wetu na mashangazi wetu, walikua wakisikia stori za pete, nyoka na magari meusi. Kwa hivyo mathe akichungulia sebuleni akute mmechora buibui mwenye kichwa cha mwanamke na kuuliza, "Kwani hapo mnaabudu nini?", anauliza swali lenye historia. Mjibu kwa heshima. Jibu ni kwamba hamumwabudu, mnatafuta jinsi ya kumwangusha.

Hapo ndipo naona kinaya kikubwa kuliko vyote kwenye hii historia. Kitu kilichowatisha wazazi, ule ukurasa wenye namba za pepo, ndicho kilichothibitisha kwamba pepo ni adui. Huwezi kuabudu kitu ambacho kitabu kimekuandikia namna ya kukiua. Namba zilipoanza kufichwa, miungu waovu hawakupotea. Walipanda juu zaidi, mahali ambapo mchezaji hafiki.

Toleo la Legends & Lore la 1990 liliacha kuandika namba za miungu yenyewe na likaandika za avatar zao tu, yaani umbo ambalo mungu analituma duniani. Ukiliua hilo umbo, mwenyewe yuko tu kwake amekunja nne. Halafu 1994 ikaja Planescape, na ndani yake Lady of Pain, mtawala wa jiji la Sigil. Huyu hana namba zozote. Ukimkosea, unatupwa kwenye jela ya vichochoro visivyoisha, au kivuli chake kinakugusa na unachanika. Hakuna kutupa dadu. Kuna watu wanaona huo ndio ufundi wa hali ya juu: nguvu halisi haipimwi. Lady of Pain nampenda kama picha, na kwenye Sigil anafaa kwa sababu jiji lenyewe linahitaji mtu wa kuwazuia miungu wasiingie. Ila ile tabia iliyomzunguka ndiyo siipendi. Kila DM aliye na mhusika anayempenda kupita kiasi alijifunza kusema, "Huyu hana namba." Ukisikia hivyo ujue hautacheza tena, utatazama. Mtu mkubwa anaingia, anaongea, anachukua anachotaka, anatoka, na nyinyi mnaambiwa mshukuru mko hai.

Mimi nimekulia mahali ambapo kuna watu wakubwa wa kutosha wa aina hiyo. Siwahitaji Jumamosi mezani.

Call of Cthulhu, gemu ya kutisha ya Sandy Petersen iliyotoka 1981, imewahi kuchekwa kwa sababu kinyume. Wao walimwandikia Cthulhu namba, na moja ya hizo namba ilisema kila raundi anakamata mchezaji mmoja hadi watatu na kuwaua. Ukifaulu kumpasua, anageuka ukungu wa kijani na baada ya dakika kama 11 hadi 20 amejiunda upya. Watu husema, si hiyo ni sawa tu na kutompa namba? Hapana. Hizo dakika ni zako. Mashua inaweza kuwashwa. Mtu mmoja anaweza kufika ufukweni. Kanuni zimekwambia wazi kwamba hutashinda, lakini zimekupa kitu cha kufanya, na hiyo ni heshima ambayo Lady of Pain hawezi kukupa.

Ukitaka kujua ni nini hasa D&D ilikuwa ikitafuta muda huo wote, rudi kwenye stori za kale zilikotoka hizi gemu. Kwenye Iliad ya Homer, Diomedes, binadamu wa nyama na damu, anamjeruhi Aphrodite mkononi, halafu anamchoma mkuki Ares, mungu wa vita, ambaye anapiga kelele kama wanaume elfu tisa na kukimbilia kwa baba yake kushtaki. Lakini angalia ilivyokuwa. Athena ndiye aliyemfungua macho aweze kuwatambua miungu, na Athena ndiye aliyeendesha gari lake la vita. Alipojaribu kumvamia Apollo bila ruhusa, alisukumwa nyuma na kuambiwa akumbuke yeye ni nani. Kwenye stori ya Gilgamesh, yeye na rafiki yake Enkidu wanamuua Fahali wa Mbinguni aliyetumwa na Ishtar. Wanashinda kabisa. Kisha miungu inakaa kikao na kuamua mmoja wao lazima afe, na Enkidu anaugua kitandani mpaka anakufa. Hata Yakobo wa Mwanzo, yule uliyefundishwa Sunday school, alishindana mieleka hadi alfajiri na akaondoka na baraka, na jina jipya, na nyonga iliyoteguka.

Na kama unataka za huku kwetu, tunazo. Fumo Liyongo hakuweza kuuawa kwa silaha ya kawaida. Ilikuwa sindano ya shaba kitovuni tu, na aliyeijua siri hiyo kisha akaitumia ni mwanawe mwenyewe. Hata baada ya kuchomwa, alipiga goti karibu na kisima na upinde wake umevutwa, na watu wa mji wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani bado yu hai. Luanda Magere wa Wajaluo alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ilimruka, mpaka mke aliyetoka upande wa maadui alipogundua kwamba uhai wake uko kwenye kivuli. Hao si miungu, wala si waovu, ni mashujaa. Lakini aliyesimulia hizo stori alijua kitu ambacho TSR ya 1980 haikujua. Nguvu kubwa haiangushwi kwa kuhesabu mapigo. Kuna njia moja tu ya kuifikia, na hiyo njia inapita kwa mtu: mtoto, mke, rafiki. Mtu huyo ndiye gharama.

D&D ilifika hapo polepole. Mwaka wa 1989 kwenye ulimwengu wa Forgotten Realms karibu miungu yote ilitupwa chini duniani ikatembea kama watu, na mwizi mmoja aitwaye Cyric akamuua Bhaal, mungu wa mauaji. Safi, si ndiyo? Ila kiti hakikubaki wazi. Cyric akakikalia, na akawa afadhali ya jana. Baldur's Gate ya 1998 imejengwa juu ya mabaki ya kifo hicho, watoto wa Bhaal wakichinjana, na ukicheza Baldur's Gate 3 ya 2023 bado unahangaishwa na Bhaal yule yule na wenzake Bane na Myrkul. Katika hiyo gemu unapigana na avatar wa Myrkul, na ushindi ule unahisi kuwa na uzito kwa sababu kwanza ulilazimika kumkata kutoka kwa mtu aliyekuwa akimpa nguvu. Pointi zake za uhai zilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi.

Mwaka wa 2014 toleo la tano lilipozinduliwa, adui wake wa kwanza mkubwa alikuwa Tiamat. Kwa Wababeli Tiamat ni bahari ya mwanzo, na Marduk anampasua mara mbili ili kuumba mbingu na nchi. D&D ndiyo iliyompa vichwa vitano vya joka. Safari hii hakuna aliyerudia kosa la Lolth: Tiamat ana pointi 615. Lakini kitabu kizima cha The Rise of Tiamat ni kuhusu kumzuia asifike. Unahudhuria mabaraza, unawasihi watu wanaochukiana wakae upande mmoja, unakimbizana na vinyago vitano vya joka, unavuruga tambiko la kumwita. Kama umefanya vizuri huenda hutamwona kabisa. Na akifika, ukimpiga mpaka sifuri, anarudishwa tu Avernus alikofungwa. Hizo 615 zina kazi yake: zinakuambia gharama ya kuchelewa.

Mfano ninaoupenda zaidi haumo kwenye kitabu chochote cha kanuni. Ulitokea mezani mwaka wa 2017, mwisho wa kampeni ya kwanza ya Critical Role. (Kama unangoja kuutazama kwenye katuni ya Vox Machina, ruka hii aya.) Adui ni Vecna, ambaye mwaka wa 1976 alianza kama jicho na mkono tu kwenye orodha ya vitu vya uchawi, na sasa amejifanya mungu. Hawawezi kumuua. Wanaweza kumfunga nje ya dunia kwa tambiko, kama watafaulu kumchomeka vigingi maalum kwanza. Sam Riegel, anayemchezesha mwimbaji Scanlan, alikuwa ameweka akiba uchawi wake mkubwa kuliko wote, ule wa kutimiza ombi lolote, ili amwokoe rafiki yao Vax, aliyekuwa ameahidiwa kifo. Katikati ya vita Vecna anajaribu kutoroka. Akitoka hapo, kila kitu kimekwisha. Scanlan anatumia akiba ile kumzuia, na unaona usoni mwa Riegel kwamba ameelewa amelipa nini. Mungu anafungwa. Vax anaenda.

Hapo kuna namba kila mahali: za Vecna, za Scanlan, za dadu. Bila namba, kule kumzuia kungekuwa hisani ya DM Matthew Mercer. Kwa sababu kulikuwa na namba, ulikuwa uamuzi wa mchezaji, na Mercer hakuwa na namna ya kumpunguzia bei.

Kuna mungu mmoja ambaye hata hivyo sitampa namba: yule ambaye jirani yangu anamwomba. Kitabu cha 1980 kiliwawekea pointi Kali, Indra na Vishnu kwenye kurasa zile zile za Zeus na Odin, kana kwamba wote wamestaafu. Wahindu ni Wakenya wenzetu, mahekalu yao yako Nairobi, Mombasa na Kisumu, na Kali kwao si jini la kuwindwa kwa ajili ya dhahabu. Afrika kusini ya Sahara haikuwemo kabisa kwenye kitabu hicho, na najua kuna ndugu zangu wanaotaka kuziba hilo pengo leo kwa kumwandikia Ngai karatasi yake. Naelewa hamu hiyo, lakini wazee wanaoelekeza uso Kirinyaga wakiomba bado wapo.

Buni wako. Mpe jina ambalo halijawahi kutajwa kwenye sala yoyote, mpe waumini wenye sababu nzuri za kumfuata, mwandikie pointi 500 kama unataka. Kisha, kabla ya kikao cha kwanza, andika kwenye karatasi tofauti ni nani anayejua kivuli chake kiko wapi, na mtu huyo atapoteza nini akisema. Karatasi hiyo ndiyo wachezaji wako watatumia miezi sita wakiitafuta.